Dhahabu ya Kuazima: Kweli na Uongo Kuhusu Mabibi wa Vito wa Pre-Raphaelite

Shingo ndefu, nywele nyekundu zilizoachiwa, midomo minene isiyocheka, na shanga za marijani zilizozungushwa shingoni mara mbili au tatu. Picha ya namna hii imechapishwa kwenye majalada ya riwaya, madaftari, mifuko ya kitambaa na makava ya simu, hata asiyewahi kukanyaga jumba la sanaa anaitambua. Ukimuuliza muuzaji atakwambia ni "Pre-Raphaelite", basi. Pamoja na jina huja hadithi: ni malkia wa kale huyo, ni mke wa mchoraji aliyekufa kwa huzuni, na kila lulu aliyoivaa ina siri yake. Nyingine katika hadithi hizo ni za kweli, ila si zile ambazo mtu angezitarajia. Hapa nimezipima zile zinazorudiwa mno.

"Ni michoro ya kale, ya kabla ya Raphael."
Si kweli.

Raphael alifariki Roma mwaka 1520. Kundi lililojiita Pre-Raphaelite liliundwa London mnamo Septemba 1848, katika nyumba ya wazazi wa John Everett Millais, mtaa wa Gower. Walikuwa vijana saba, na vinara wao watatu hawakuwa na umri wa kutisha: Millais miaka 19, Dante Gabriel Rossetti 20, William Holman Hunt 21. Watatu hao walikuwa wamepitia shule ya sanaa ya Royal Academy na wamechoka kufundishwa kwamba uchoraji ulifikia kilele kwa Raphael na kazi iliyobaki ni kumuiga. Wao walitaka kurudi nyuma zaidi, kwa Waitalia waliomtangulia, kwenye mistari iliyo wazi na rangi safi, na jani lichorwe kama jani. Hunt na Millais walikuwa wakipaka turubai rangi nyeupe, kisha, nyeupe ikiwa bado mbichi, wanachora juu yake kipande baada ya kipande ili mwanga urudi ukipenya rangi. Ndiyo maana majani na maji yao yanang'aa hadi leo.

Katika mpango huo wa 1848, bibi mwenye vito hayumo. Kufikia mwaka 1853 kundi lilikuwa limeshasambaratika, na kila mmoja anakwenda njia yake. Bibi wetu alizaliwa mwaka 1859, Rossetti alipomchorea rafiki yake George Price Boyce picha ndogo aliyoiita *Bocca Baciata*: kichwa na kifua tu, ukingo mbele, maua ya rangi ya chungwa nyuma, tufaha, na vito nywelini. Mfano wake haukutoka kwa Waitalia wa kabla ya Raphael. Ulitoka Venice, kwa akina Titian, na Titian aliishi hadi mwaka 1576, zaidi ya nusu karne baada ya Raphael kuzikwa. Miaka michache baadaye Rossetti alipokuwa akichora *Monna Vanna*, bibi mwenye mkono mpana wa nguo ya dhahabu na nyeupe, jina la kwanza alilompa lilikuwa *Venus Veneta*, Venus wa Venice. Hakuficha alikokopa.

Kwa hiyo picha ambayo dunia nzima huiita ya kabla ya Raphael imefuata wachoraji waliokuja nyuma yake. Hunt, mwasisi mwenzake, aliichukia *Bocca Baciata* na kuiona ni tamaa ya mwili tu isiyo na fikra. Jina limebaki kwa kuwa Rossetti alikuwa mmoja wa wale saba, na wauzaji wa picha hawaachi jina linalouza.

"Wanawake hao walikuwa matajiri, na vito ni vyao."
Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Anza na wanawake. Fanny Cornforth, yule wa *Bocca Baciata*, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Cox. Alitoka katika familia ya kimaskini huko Sussex na alifariki mwaka 1909 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Elizabeth Siddal alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kofia wachoraji walipomwona. Jane Burden, ambaye baadaye aliolewa na William Morris, alikuwa binti wa mtunza farasi wa Oxford. Alexa Wilding alikuwa mshonaji aliyetamani kuwa mwigizaji. Rossetti alimwona barabarani London mwaka 1865, na baadaye akawa anamlipa kila wiki ili asikae kwa mchoraji mwingine. Uso wa *Monna Vanna*, ambao mtu angeapa ni wa mke wa mfanyabiashara mkubwa wa Venice, ni wa binti huyu mshonaji.

Sasa vito. Mkewe, Elizabeth Siddal huyo huyo, alipokufa mwaka 1862, Rossetti alihamia nyumba kubwa kando ya mto Thames, Cheyne Walk namba 16, Chelsea, akaijaza vyombo vya kale: sahani za buluu na nyeupe, vioo, vitambaa, ala za muziki ambazo hakujua kuzipiga, na mapambo. Alinunua alichokipenda jicho lake kwenye maduka ya vitu vikuukuu, pasipo kujali sana kama ni johari au kioo. Modeli alipofika, alivalishwa kutoka kwenye hazina hiyo, na kikao kikiisha mapambo yalirudi mahali pake.

Ushahidi uko ukutani kwenye majumba ya sanaa, kwa yeyote mwenye subira ya kulinganisha. Kuna pambo la nywele lenye lulu zilizopangwa kwa mzunguko, kama konokono. Limo kichwani mwa *Monna Vanna*, na limo katika picha nyingine kadhaa za Rossetti, juu ya vichwa vya wanawake tofauti. Hata shanga za marijani za *Monna Vanna* na kidani chake chenye umbo la moyo vina jamaa zake katika picha nyingine: katika *Joli Coeur* ya mwaka 1867, iliyoko Manchester, msichana anacheza na kidani cha moyo vidoleni. Waliohudhuria harusi za pwani wanaijua dhahabu inayotoka kwa shangazi leo, kesho imo shingoni mwa bibi arusi mwingine mtaa wa pili, na kila atazamaye anasema bibi arusi ni tajiri. Rossetti alifanya hivyo hivyo kwa miaka ishirini, tofauti ikiwa kwamba shangazi ni yeye mwenyewe.

Ukishalijua hili, neno "picha ya mtu fulani" linaanza kuyumba. Mtu wa kawaida akilipia achorwe, huvaa vyake ili wajukuu wajue alikuwa na nini. Hapa vito havisemi lolote kuhusu aliyevivaa. Vinamtaja aliyevimiliki, na huyo ndiye mshika brashi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora ya kuzitazama picha hizi: acha uso kwanza, fuata mapambo.

Wapo waliopewa na wakabaki navyo. Vito kadhaa vya Jane Morris, pamoja na alivyopewa na Rossetti, viliachwa na bintiye May kwa jumba la Victoria and Albert, London. Mtu anaweza kwenda kuvitazama nyuma ya kioo. Wengi hushangaa vilivyo vidogo.

"Angalau lulu zilikuwa halisi."
Kwa mchoraji hilo si swali.

Lulu halisi za wakati huo zilikuwa za asili zote, kwa kuwa ufugaji wa lulu kibiashara ulikuwa haujaanza. Nyingi zilitoka Ghuba ya Uajemi na bahari ya Ceylon, na katika Ghuba hiyo, miongoni mwa waliokuwa wakizama na jiwe mguuni na kibano puani, walikuwamo Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu. Wakati huo huo Paris ilikuwa ikitengeneza lulu za kioo zilizopakwa ng'arisho la magamba ya samaki, na bei yake haikumtisha mshonaji. Katika rangi ya mafuta zote mbili huchorwa kwa namna moja: duara la kijivu, kivuli chenye joto upande wa chini, na tone moja la nyeupe lililowekwa mahali pake kwa mkono usiotetemeka. Tone likikosea nafasi, lulu inageuka punje ya mtama.

"Kila kito ni fumbo lenye maana yake maalumu."
Inategemea nani kashika brashi.

Kwa Hunt ni kweli tupu. Katika *The Awakening Conscience*, aliyoionyesha mwaka 1854, kijana tajiri amekaa kwenye piano na hawara wake mapajani. Ghafla mwanamke anainuka, kama aliyekumbuka alikotoka. Tazama mkono wake wa kushoto: kila kidole kina pete, isipokuwa kile kimoja cha ndoa. Mtazamaji wa wakati ule hakuhitaji maelezo zaidi, ingawa mhakiki wa sanaa John Ruskin aliyatoa hata hivyo, kwa barua ndefu gazetini. Millais naye katika *The Bridesmaid* ya mwaka 1851 amechora msichana anayepitisha kipande cha keki ya harusi ndani ya pete mara tisa, imani ya Waingereza ya siku hizo kwamba ukifanya hivyo utamwona atakayekuoa. Pete ikitolewa pale, picha imekufa.

Kwa Rossetti wa miaka ya 1860 mambo ni mengine, na wanaouza vitabu vya "siri za vito" wangefanya vyema kukaa kimya kidogo. *Monna Vanna* ni mfano mzuri. Ilianza kama *Venus Veneta*. Kisha ikapewa jina la mwanamke wa katika kitabu cha mshairi Dante, *Vita Nuova*. Mwaka 1873 Rossetti akaona jina hilo haliiendei picha ya kisasa namna ile, akataka iitwe *Belcolore*. Majina matatu, na si ushanga mmoja ulioguswa ili ulingane na jina jipya. Kama marijani ile ingekuwa na maana moja iliyofungwa kwa kufuli, asingeweza kumhamisha bibi kutoka Venice hadi kwa Dante hadi kwingineko bila kumvua.

Hii haimaanishi kwamba vito havina kazi. Wekundu wa marijani unaita wekundu wa midomo; kidani chenye mng'ao baridi kinaipa ngozi joto; pete inakuonyesha vidole vimelegea au vimekaza. Frederick Sandys, aliyekuwa rafiki wa Rossetti, alimchora Medea, mchawi wa hadithi za Kigiriki, akivuta shanga nyekundu shingoni mwake kwa ghadhabu, na zile shanga zinasema zaidi ya uso. Lakini hiyo ni lugha ya jicho na mkono, na haiko kwenye kamusi yoyote ya mawe.

"Uso ni mmoja tu, wa Elizabeth Siddal."
Si kweli.

Siddal yumo katika kazi nyingi za mwanzo, hasa michoro ya penseli ya Rossetti, na ndiye *Ophelia* wa Millais, yule msichana wa tamthilia ya Shakespeare anayezama mtoni. Lakini alifariki tarehe 11 Februari 1862, na picha kubwa za vito zinazomtangaza Rossetti duniani zilichorwa baada ya hapo, kwa nyuso za Fanny, Alexa, Jane na wengine. Tena uso wenyewe ulikuwa kitu cha kubadilishwa. *Lady Lilith*, bibi anayechana nywele zake mbele ya kioo cha mkononi, ilichorwa kwanza kwa uso wa Fanny Cornforth, ikauzwa kwa Frederick Leyland, mwenye meli wa Liverpool. Mwaka 1872 Rossetti aliirudisha studio, akafuta uso wa Fanny na kuweka wa Alexa Wilding. Nywele, gauni na maua vikabaki. Anayetaka kumwona Fanny katika nafasi yake ya kwanza anamkuta kwenye nakala ndogo ya rangi za maji iliyochorwa mwaka 1867, iliyoko Metropolitan Museum, New York. Picha kubwa yenye uso wa Alexa iko Delaware.

Hunt naye alifuta uso wa yule hawara wa kwenye piano, kwa kuwa mnunuzi alishindwa kuishi nyumba moja na uchungu ule.

"Siddal aliugua kwa kulazwa ndani ya maji baridi."
Kweli.

Ilikuwa kipindi cha baridi cha mwaka 1851 kuingia 1852. Millais alikuwa amekwisha kuchora mto na majani ya *Ophelia* nje ya London. Sasa alihitaji mwili. Siddal akavalishwa gauni kuukuu lililodariziwa nyuzi za fedha, alilolinunua Millais kwa pauni 4, akalala ndani ya beseni la kuogea lililojaa maji. Chini ya beseni ziliwekwa taa za kupasha maji joto. Siku moja taa zilizimika, Millais amezama katika kazi hakuona, na binti wa duka la kofia hakusema neno. Aliugua, na baba yake akadai gharama za matibabu. Gauni linaonekana kwenye picha hadi leo, fedha yake ikielea majini, pambo pekee alilo nalo Ophelia ukiacha maua.

"Rossetti alifukua kaburi la mkewe."
Kweli, hadi unapofika kwenye nywele.

Siddal alikufa kwa kunywa dawa ya afyuni kupita kiasi. Rossetti, kwa majonzi, alimzika na daftari la mashairi yake, nakala ya pekee ya baadhi yake. Oktoba 1869 aliyataka mashairi. Jeneza lilifunguliwa usiku katika makaburi ya Highgate, yeye mwenyewe hakwenda, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka. Kwamba nywele zake nyekundu ziliendelea kukua zikajaza jeneza, hilo lilienezwa na Charles Augustus Howell, aliyesimamia kazi ile, mtu aliyejulikana kwa kutia chumvi. Maiti haioti nywele.

"Katika picha hizi hakuna mtu mweusi."
Si kweli, na jibu halileti raha.

Fanny Eaton alizaliwa Jamaica mwaka 1835, mama yake akiwa mwanamke mweusi aliyepitia utumwa. Alifika London akiwa mdogo, akaolewa, akazaa watoto kumi, na alifanya kazi za usafi katika nyumba za watu. Kati ya mwisho wa miaka ya 1850 na katikati ya miaka ya 1860 alikuwa pia akikaa kuchorwa. Simeon Solomon alimweka katika *The Mother of Moses*, iliyoonyeshwa Royal Academy mwaka 1860. Millais alimchora, na Rossetti pia. Wachoraji walimgeuza Mwebrania, Mhindi, Mwarabu, yeyote yule wa mbali. Mara chache walimwacha awe Fanny Eaton.

Aliyemwacha awe mwenyewe alikuwa mwanamke. Joanna Boyce, dada yake yule George Boyce mwenye *Bocca Baciata*, alimchora mwaka 1861 kwenye karatasi isiyozidi kiganja kilichokunjuliwa. Fanny ametazama pembeni, nywele zimefungwa na kupambwa shanga, kipuli kinaning'inia sikioni. Kilikuwa kichwa cha majaribio kwa ajili ya picha kubwa ya nabii mwanamke wa Libya, na picha hiyo kubwa haikuchorwa kamwe, kwa sababu Boyce alifariki Julai mwaka huo huo baada ya kujifungua, akiwa na miaka 29. Kazi hiyo ndogo iko Yale, Marekani. Kwangu mimi hakuna picha ya kike ya vito katika mtindo huu wote inayoizidi. Vito ni vichache, havipigi kelele, na mwanamke anaonekana ana mawazo yake asiyokusudia kukushirikisha.

Sasa iweke kando ya *The Beloved*, ambayo Rossetti aliimaliza mwaka 1866 kwa ajili ya George Rae, mtu wa benki. Bibi arusi mweupe amevaa kimono ya Kijapani, anafungua shela, amezungukwa na wasichana wa kumsindikiza. Inaaminika kwamba Fanny Eaton ni mmoja wao, nyuma kabisa, kipande cha uso tu. Mbele kuna mtoto mweusi, kifua wazi, amevishwa mapambo ya dhahabu, ameshika chombo cha waridi. Rossetti alimpata mlangoni mwa hoteli moja London, akisafiri na bwana wake Mmarekani. Kwenye mchoro wa awali nafasi hiyo ilikuwa ya msichana, lakini alitaka weusi uliokolea zaidi. Katika barua alieleza kwa nini: alitaka rangi za picha nzima zing'ae kama vito, na kati ya vito hivyo kile kijiwe cheusi kingemfaa mno.

Yaani mtoto hakuvalishwa kito. Mtoto ndiye kito. Alichaguliwa kama anavyochaguliwa onikisi dukani, ili weupe wa bibi arusi uonekane mweupe zaidi. Rossetti aliijenga picha hiyo juu ya Wimbo Ulio Bora, kitabu ambacho mwanamke apendwaye hujitaja kwa kinywa chake kuwa ni mweusi na mzuri. Aliusoma, bila shaka. Akampaka bibi arusi rangi nyingine, na weusi wa kitabu akaushusha kwa mtoto wa kushika maua.

Ufundi wa picha ile ni wa juu, sitaki kusema uongo. Hariri ya kijani inataka kuguswa. Lakini anayekuonyesha picha ile akasifu mapambo bila kumtaja mtoto amekuonyesha nusu.

"Wanaume walichora, wanawake walikaa."
Si kweli.

Siddal mwenyewe alichora. Mwaka 1855 Ruskin alikubali kumpa pauni 150 kwa mwaka ili apate kazi zake, na mwaka 1857 alikuwa mwanamke pekee katika maonyesho ya Pre-Raphaelite London. Joanna Boyce tumemtaja; alikuwa amesifiwa na Ruskin huyo huyo mwaka 1855 kwa kichwa cha malkia Elgiva. Marie Spartali, binti wa mfanyabiashara wa Kigiriki wa London, alikaa kwa Rossetti na pia alichora kwa zaidi ya nusu karne. Evelyn De Morgan alikuja nyuma yao na kuchora nguo na vito kwa ukali wa mstari ambao Rossetti hakuwahi kuufikia. Mikono ya Rossetti, tukisema ukweli, mara nyingi ina vidole vya mpira.

"Msichana yeyote mwenye nywele nyekundu na kidani ni Pre-Raphaelite."
Si kweli.

John William Waterhouse, ambaye *The Lady of Shalott* yake ya mwaka 1888 huwekwa mbele ya kila makala kuhusu kundi hili, alizaliwa mwaka 1849, kundi likiwa halijatimiza mwaka. Edward Burne-Jones hakuwa mmoja wa saba. Frederic Leighton, wa yule bibi aliyelala katika gauni la rangi ya chungwa, alikuwa rais wa Royal Academy, taasisi ile ile waliyoasi. Na siku hizi kompyuta zinatema mabibi wa aina hii kwa maelfu. Dalili ya kwanza ya hao wa kompyuta ni vito: mkufu unaoingia nyuma ya nywele ukatokea upande wa pili ukiwa mkufu mwingine, kipuli kisichotoboa sikio, kibanio kisichobana kitu. Rossetti angeweza kukosea kidole, lakini kito alikuwa nacho mezani, na kilifungwa kwa kulabu ya kweli.

"Kuziona lazima uende Ulaya au Marekani."
Si kweli.

*Regina Cordium*, Malkia wa Mioyo, iko Afrika, katika mkusanyiko wa Johannesburg Art Gallery. Rossetti aliichora mwaka 1860, mwaka aliomuoa Elizabeth Siddal mjini Hastings. Ni kichwa na mabega tu, nyuma yake dhahabu tupu kama sanamu takatifu za kale, nywele zimeachiwa, mkononi ua dogo la zambarau, na shingoni shanga nyekundu za marijani. Jumba lenyewe, lililobuniwa na Edwin Lutyens, lilifunguliwa mwaka 1915 katika bustani ya Joubert, na mkusanyiko wake wa kwanza ulichangishwa na Florence Phillips kutoka kwa matajiri wa migodi ya dhahabu ya Rand. Jengo limekuwa likilalamikiwa kwa miaka mingi kwa kuvuja, na kazi zake zimewahi kusafirishwa kwa maonyesho Ulaya. Kwa hiyo anayepanga safari apige simu kwanza aulize kama bibi yuko nyumbani.